Bodi Isiyo na Maelezo

Blue Pill, bodi ndogo ya majaribio yenye chipu ya STM32F103, mara nyingi hufika kwenye mfuko wa plastiki bila hata kikaratasi cha maelezo. Fundi makini huanza na mita: kabla ya kuwasha umeme, hupima pini zipi zimeungana na hasi na zipi na laini ya volti 3.3.

Kompyuta ikikataa kuitambua kupitia USB, asikimbilie kulaumu programu. Aitazame rezista R10. Ikiwa na namba 103, hiyo ni omu 10,000, ilhali USB inataka 1,500. Hakuna haja ya kuing'oa, kazi yenyewe ya kutoa jasho: alehemu nyingine ya omu 1,800 kati ya pini A12 na 3.3.

Na taa ya bodi iliyo kwenye pini PC13 huwaka pini hiyo ikishuka hadi sifuri. Pini ikipanda, taa huzimika, na wengi hudhani imeungua.