SOMO KWA WATUMISHI NA WANANCHI: KUCHAGUA KIBAO CHA KUPOZEA KOMPYUTA YA MAPAJANI

Watumishi wa Serikali pamoja na wananchi kwa jumla wanatanabahishwa juu ya matumizi ya kompyuta mpakato iliyowekwa mapajani. Jambo hili limekuwa la kawaida majumbani, barazani na ndani ya boti za abiria. Wengi wanaosumbuliwa na joto la mashine hizo hununua kibao cha kupozea, ambacho madukani huitwa "feni ya laptopu". Ni vyema ifahamike kuwa vibao vingi vya aina hiyo vimetengenezwa kwa ajili ya kuwekwa juu ya meza. Kibao kinachofaa mezani si lazima kifae mapajani, na mnunuzi asiyejua tofauti hiyo anaweza kupoteza fedha zake na asiondokane na dhara.

1. Asili ya joto

Karibu umeme wote unaotumiwa na kompyuta hugeuka kuwa joto. Kompyuta nyingi huvuta hewa kwa matundu yaliyo chini yake na kuitoa kwa ubavuni au kwa nyuma. Zikiwekwa juu ya nguo, mto au godoro, matundu hayo huziba. Hapo prosesa hupunguza kasi yake yenyewe ili isiharibike, na mtumiaji huona kazi zinakwenda polepole. Betri nayo, ikikaa katika joto kwa muda mrefu, huchakaa kabla ya wakati wake.

2. Madhara kwa mwili

Joto la baina ya nyuzi 43 na 47 za Sentigredi haliunguzi ngozi papo hapo, lakini likirudiwa mara nyingi huacha mabaka mekundu au ya kahawia yenye sura ya wavu. Maradhi hayo yalijulikana tangu zamani kwa watu waliozoea kukaa karibu mno na moto. Mwaka 2010 madaktari wa Basel, Uswisi, walitoa taarifa ya mtoto wa kiume wa miaka 12 aliyepata mabaka hayo kwenye paja la kushoto baada ya kucheza michezo ya kompyuta saa kadhaa kila siku kwa miezi mingi. Mtoto huyo alihisi kuwa upande huo wa mashine una moto, lakini hakubadilisha namna ya kukaa.

Kwa upande wa wanaume, korodani zinahitaji ubaridi kidogo kuliko mwili ili mbegu za uzazi zitengenezwe vyema. Mwaka 2011 ulichapishwa Marekani uchunguzi uliofanywa kwa wanaume 29. Walipokaa wakiwa wamebana miguu, na kompyuta ikiwa mapajani bila ya kibao, joto la korodani lilipanda kwa nyuzi 1 baada ya dakika 11. Walipoweka kibao cha kukinga mapaja, huku miguu bado imebanwa, ilichukua dakika 14. Walipotumia kibao na kuachanisha miguu, ilichukua dakika 28. Inaonekana basi kuwa kibao peke yake kilisaidia kidogo tu, na namna ya kukaa ilikuwa na uzito mkubwa zaidi.

3. Mambo ya kuangaliwa kabla ya kununua

(a) Upande wa chini. Hili ndilo la kwanza. Kibao kinachovuta hewa kwa chini huzibwa na nguo ya mtumiaji mara tu kinapowekwa mapajani. Kitafutwe chenye matundu ya kuvutia hewa ubavuni au nyuma, na chenye kitako kizima cha mbao, plastiki nene au sponji iliyovishwa kitambaa. Madini kama aluminiamu hupitisha joto upesi. Hufaa kwa upande wa juu, lakini si kwa upande unaogusa mapaja.

(b) Mwelekeo wa upepo. Ikiwa kompyuta huvuta hewa kwa chini, feni za kibao nazo zipulize kuelekea juu. Feni zinazovuta hewa kwenda chini hushindana na feni ya kompyuta, na zaidi ya hayo humpelekea mtumiaji hewa ya moto mapajani.

(c) Mahali pa feni. Mnunuzi aijue kwanza mashine yake. Ashike ukanda mwembamba wa karatasi karibu na kila tundu wakati kompyuta inafanya kazi. Panapovuta karatasi ndipo hewa inapoingia, na panapoisukuma ndipo inapotoka. Feni ya kibao ielekee pale hewa inapoingia. Zipo kompyuta zisizo na feni kabisa, kama vile MacBook Air zilizotolewa tangu mwishoni mwa mwaka 2020. Kwa hizo, ubao mzima usio na feni huweza kutosha kuyakinga mapaja.

(d) Ukubwa na uzito. Kibao kisiwe kidogo kuliko kompyuta, na kiwe na ukingo wa kuizuia isiteleze. Kikiwa kinene mno huinua mikono na kuchosha viganja. Kikiwa kizito, mtumiaji atakiacha kabatini.

(e) Umeme. Kibao hupata umeme wake kutoka tundu la USB la kompyuta. Tundu la USB 2.0 kwa kawaida hutoa wati 2.5, na la USB 3.0 hutoa wati 4.5. Umeme unapokatika, feni hizo hula betri ya kompyuta hiyo hiyo. Kwa hivyo kichaguliwe kibao chenye swichi ya kuzimia na ya kupunguzia kasi.

(f) Sauti. Feni moja kubwa inayozunguka polepole kwa kawaida huwa na kelele kidogo kuliko feni kadhaa ndogo zinazokwenda mbio.

4. Jaribio la dukani

Mnunuzi aombe kibao kiwashwe, akae kitini, akiweke juu ya nguo aliyovaa, kisha apitishe kiganja juu yake. Iwapo upepo unapungua sana kuliko kilipokuwa mezani, kibao hicho ni cha meza.

5. Mipaka ya kibao

Feni haiwezi kuipoza kompyuta ikawa baridi kuliko hewa ya chumbani. Watengenezaji wengi huelekeza mashine zitumike pahala ambapo joto la hewa halizidi nyuzi 35. Wakati wa kaskazi, kukaa penye kivuli na upepo ni msaada mkubwa kuliko kibao cha bei ghali. Vumbi lisafishwe ndani ya mashine na fundi anayeelewa, na kibao nacho kifutwe mara kwa mara, kwani hewa ya bahari yenye chumvi huozesha feni. Isitumiwe barafu wala kitambaa cha maji, kwa sababu unyevu huingia ndani na kuharibu mashine. Ikionekana kuwa betri imevimba, kompyuta izimwe na isitumiwe tena mpaka itazamwe na fundi.

Wenye maradhi ya kisukari ambao miguu yao imepoteza hisia, na watu waliopooza, wasiweke kompyuta mapajani hata kama wana kibao, kwani wanaweza kuungua bila ya kuhisi. Wazazi nao wawaangalie watoto wanaocheza kwa saa nyingi.

Kwa kazi ya muda mrefu, meza ndiyo pahala pa kompyuta. Asiyekuwa na budi kuiweka mapajani atumie kibao chenye kitako kizima, aachanishe miguu, na kila baada ya robo saa aiondoe kwa muda. Akihisi moto asisubiri kuzoea, bali aiondoe hapo hapo.