Jeneza limezikwa, deni limebaki juu

Shangazi,

Mimi ni seremala huku Seme, karibu na ufuo wa ziwa. Natengeneza milango, vitanda na makabati, na mashua za wavuvi zikianza kuvuja naziziba. Lakini kazi inayonifuata mlangoni bila kuitwa ni ya majeneza. Mtu akifariki, jamaa zake hawaendi Kisumu kutafuta duka. Wanakuja kwangu, wakati mwingine usiku, wakiwa na kamba waliyompimia marehemu.

Shida ni malipo. Naambiwa, "Fundi, wewe tengeneza, tutamalizana baada ya mazishi." Mazishi yakiisha kamati inavunjwa, na mweka hazina anasema pesa zote ziliishia kwenye chakula. Hivi sasa nadai majeneza matatu. La kwanza ni la familia ya wavuvi wa omena, shilingi 14,000, na sijaona hata senti. La pili limebakisha 9,000. La tatu ndilo linaloniuma, maana ni la baba yangu mdogo. Mwanawe alikuja na gari kutoka Nairobi, akachagua lenye dirisha la kioo na vishikio vya kung'aa, 22,000, akanipiga bega na kuniita ndugu. Tulizika Jumamosi. Jumapili alfajiri gari lilikuwa limeshaondoka, na tangu siku hiyo hashiki simu yangu.

Mbao nilichukua kwa mkopo Kibuye na mwenyewe ananidai 19,500. Karo ya watoto inangoja. Mke wangu ananikataza kudai, anasema pesa ya maiti itatuletea chira. Rafiki mmoja, tukiwa tunakunywa, alinishauri nichukue jembe nikafukue mali yangu. Nilicheka, lakini usiku huo sikulala.

Jana wazee wa boma jirani walikuja tena. Nyanya yao amefariki, wanataka jeneza kufikia Ijumaa, na kauli ni ile ile. Nifanyeje?

Seremala, Seme

Fundi,

Kwanza pole kwa kufiwa na baba yako mdogo. Nimeisoma barua yako mara mbili na nikaona kwamba hukusema popote kuwa ulifiwa. Wenzako walikaa chini ya mti wakimlilia, wewe ulikuwa karakana ukipiga randa. Usidhani hasira uliyo nayo kwa yule ndugu wa Nairobi inatokana na 22,000 peke yake.

Lakini Ijumaa haingoji, basi tuanze na Nyanya. Kabla hujashika msumeno, kaa na wazee hao, hesabu mbele yao vitu vya kununua: mbao, misumari, gundi, vanishi, kitambaa cha ndani, vishikio kama wanavitaka. Hiyo ni pesa ya duka, na dukani hakuna anayekukopesha tena. Waambie italipwa leo, na kazi ianze leo. Ya mikono yako unaweza kuingoja wiki mbili au tatu ukipenda. Wakisema hawana, waonyeshe mbao za bei wanayoiweza. Jeneza la saiprasi bila kioo humsitiri mtu sawasawa na la mvule, na marehemu hatauliza.

Utaona aibu kusema hivyo, najua. Basi waangalie watu wengine wanaoingia katika boma la msiba. Mwenye hema na viti anafika na lori lake na hashushi hata nguzo moja kabla ya kupata malipo ya kwanza. Mwenye vipaza sauti vivyo hivyo. Mwenye ng'ombe hafungui kamba mpaka ahesabu noti. Hakuna anayewaita hawa watu wasio na utu. Unayengojeshwa ni wewe, kwa sababu hutoki mbali na kesho utakuwa papo hapo ukikutana nao kisimani. Mashua ukiiziba unalipwa, kwani mwenyewe hawezi kuisukuma majini kabla hujamruhusu. Jeneza likishatoka karakana halirudi, na kila mtu kwenye kamati analijua hilo.

Kuna jambo jingine ambalo sidhani kama umelipigia hesabu. Kamati ya mazishi huwa na daftari. Huyu ametoa 200, yule 500, mheshimiwa ametuma 10,000 na jina lake likasomwa kwa kipaza sauti mara mbili. Wewe umetoa jeneza zima la 14,000 kisha ukanyamaza. Kwa hesabu yoyote ile wewe ndiye mchangiaji mkubwa katika mazishi hayo, na jina lako halimo. Kuanzia Ijumaa hii, tenganisha mchango na kazi. Ukitaka kumchangia Nyanya, na ni vyema umchangie, toa 500 yako mbele ya watu iandikwe kwenye daftari. Baada ya hapo bei ya jeneza ni bei ya jeneza.

Sasa haya madeni ya zamani. Kosa la barua yako ni kwamba unasema unaidai "kamati" au "familia". Kamati si mtu. Ikivunjwa imevunjwa, na huwezi kuipeleka popote. Kila deni litafutie mtu mmoja: nani alikuja kwako, nani alichagua, nani alitamka "tutamalizana"? Huyo ndiye mdeni wako. Makubaliano ya mdomo nayo ni makubaliano, na sheria ya Kenya inakupa miaka 6 ya kuyadai, kwa hiyo hujachelewa. Keti na mkeo muandike kwenye daftari kila jeneza: tarehe, jina la aliyeagiza, bei, kilicholipwa, na nani alikuwepo akisikia.

Wavuvi wa omena usiwaendee kwa hasira. Wewe unaishi ufuoni na unajua kwamba uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, na miezi hiyo nyumba ya mvuvi huwa kavu. Ukimfuata Mei utavuna maneno matupu. Kubaliana naye sasa kwamba kuanzia Agosti, taa za wavuvi zikirudi ziwani, atakuwa akikutumia kiasi fulani kila wiki kwa M-Pesa. Kidogo lakini kila wiki. Ule ujumbe wa simu ni ushahidi, na akituma mara ya kwanza atakuwa amekiri deni. Huyu wa 9,000 alishaonyesha nia ya kulipa. Mwendee asubuhi, nyumbani kwake, ukiwa na mzee mmoja anayeheshimika. Usiende jioni wala usimdai sokoni mbele ya watu, na chonde chonde, usiandike kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Tuje kwa ndugu wa Nairobi. Huyu nitakaa naye kidogo.

Sheria yetu ya Urithi inasema anayekabidhiwa kusimamia mali ya marehemu ana wajibu kadhaa, na wa kwanza kutajwa ni kulipa, kutoka mali hiyo hiyo, gharama za mazishi ya kiasi. Jeneza ni gharama ya mazishi, hakuna wa kulibishania. Baba yako mdogo bila shaka ameacha shamba, pengine na akiba kwenye chama cha ushirika. Siku mwanawe atakapotaka kurithi, atahitaji barua ya chifu inayotaja warithi ni akina nani. Basi wewe tangulia. Nenda kwa chifu na daftari lako, umweleze deni kwa upole mbele ya mzee wa kijiji, na uombe ndugu huyo aitwe kwenye kikao cha ukoo. Katiba ya 2010 inazitambua njia hizi za wazee za kutatua mizozo, na mara nyingi zinatosha, kwa sababu mtu wa Nairobi anaweza kuipuuza simu ya seremala lakini si rahisi aipuuze simu ya chifu wa kwao.

Na watu wetu wasiseme ukoo hauna muda wa vikao. Wakili S.M. Otieno alifariki Desemba 1986 na akazikwa kwao Nyalgunga mwishoni mwa Mei 1987, kwa sababu mjane na ukoo walikuwa mahakamani wakishindania mahali pa kumzika. Kama tunaweza kungoja miezi mitano kwa ajili ya kaburi, tunaweza kukaa alasiri moja kuzungumzia mbao.

Wazee wakishindwa, kuna Mahakama ya Madai Madogo, na Kisumu ipo. Iliundwa kwa sheria ya 2016 kwa ajili ya watu kama wewe: madai yasiyozidi shilingi milioni 1, ya pesa za bidhaa au kazi iliyofanywa. Huhitaji wakili, unajieleza mwenyewe, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Beba daftari, picha ya jeneza kama iko kwenye simu, ujumbe wowote mlioandikiana, na shahidi aliyewasikia. Lakini nakuomba hiyo iwe hatua ya mwisho kwa ndugu wa damu. Kushinda kesi dhidi ya mwana wa baba mdogo, kisha mkutane tena kwenye mazishi mengine, kuna gharama yake pia, na itakubidi uipime mwenyewe.

Kuhusu jembe: rafiki yako alikuwa amelewa na wewe ulikuwa umechoka. Kufukua kaburi bila idhini ni jinai chini ya Kanuni za Adhabu, na ukifanya hivyo utatoka kuwa mdai uwe mshtakiwa. Isitoshe, utafanya nini na jeneza lililokwisha kutumika?

Nimebakisha la mkeo, na ndilo nisilotaka ulipite haraka. Chira ninavyoielewa mimi humpata aliyevunja kwer, yaani miiko. Sijawahi kusikia mwiko unaomkataza fundi kulipwa jasho lake. Hata hivyo kuna namna ya kudai inayofanana na kuvunja mwiko: kusimama kando ya kaburi ukitaja pesa, kumkabili mjane kabla tanga halijaondolewa, kumtaja marehemu kwa ubaya kwa sababu ya watoto wake. Hapo mkeo ana haki ya kuogopa. Pia fikiria kwamba mkizozana na boma la jirani, yeye ndiye atakayenyimwa moto na chumvi, maana wewe utakuwa karakana. Mwambie hutadai msibani. Mwambie utangoja wageni waondoke na matanga yaishe, ndipo uende na mzee. Halafu mwombe awe yeye anayeshika daftari na simu ya biashara. Wazee wakija usiku na kamba yao, wewe uwape pole na uketi nao, na yeye awatajie bei ya vifaa. Wanawake wengi wa sokoni ninaowajua hutaja bei bila kupepesa macho, jambo ambalo waume zao hushindwa.

Mwenye mbao wa Kibuye pia usimkimbie kama unavyokimbiwa. Mpelekee chochote ulicho nacho, mwonyeshe daftari la unaowadai, mpatane tarehe.

Nanyi wanakamati wa mazishi mnaosoma ukurasa huu, kuanzia Seme hadi Nyakach: mkipanga bajeti, jina la seremala liandikwe juu ya hema na juu ya ng'ombe, na alipwe kabla jeneza halijatoka karakana.