Mkubwa akiwa mpole, makosa hayafichwi

Mfanyikazi wa kiwandani anahisi kizunguzungu akiwa kwenye mashine. Je, atamwambia msimamizi wake au atajikaza hadi kengele ilie? Aghalabu jibu hutegemea jinsi alivyopokewa mwenzake aliyeugua juma lililopita. Ikiwa alifokewa mbele ya watu, huyu naye atanyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kazini, huenda akawaponza na wenzake.

Wengi hudhani kwamba desturi njema za kazini huletwa na semina na mabango ya ukutani. La hasha. Wafanyikazi hujifunza kwa kumtazama mkubwa wao katika mambo madogo: anavyojibu salamu, anavyosikiliza na anavyomrekebisha aliyekosea. Kitendo kimoja huonwa na wengi.

Mtafiti Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard alichunguza wadi nane za hospitali nchini Marekani, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1996. Alitarajia kwamba wauguzi wanaoshirikiana vyema na kuongozwa vyema wangekuwa na makosa machache ya kutoa dawa. Kumbe wadi zao ndizo zilizoonyesha makosa mengi zaidi! Je, walikuwa wazembe? Hapana. Walikuwa huru kuyasema. Penye mkuu mkali, makosa yalifichwa kwa hofu, na kosa lililofichwa haliwezi kurekebishwa.

Moyo nao huathirika. Uchunguzi uitwao Whitehall II ulianza mwaka 1985 miongoni mwa watumishi wa serikali zaidi ya 10,000 jijini London. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2005 yalionyesha kwamba wanaume waliotendewa haki na kusikilizwa na wakubwa wao hawakupatwa sana na maradhi ya moyo kama wale walioona wakionewa. Hofu ya kila siku huuchosha mwili: moyo hudunda kasi, shinikizo la damu hupanda na usingizi hupotea.

Basi msimamizi afanye nini?

• Wasalimie wote kwa majina, akiwemo mlinzi na anayepika chai.

• Anayekuletea habari mbaya, mshukuru kwanza. Uliza "Kumetokea nini?" kabla ya kuuliza "Ni nani?"

• Mrekebishe mtu faraghani, msifu hadharani.

• Mgonjwa muulize hali yake kabla ya kumdai barua ya daktari. Kumbuka kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyikazi aliyehudumu kwa miezi miwili mfululizo angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 nyingine kwa nusu mshahara, kila mwaka. Hiyo ni haki yake. Wema ni kumpa bila kununa.

Upole si ulegevu. Mzembe anayerudia makosa kwa makusudi aadhibiwe kwa utaratibu. Wala maneno matamu hayachukui nafasi ya mshahara unaolipwa kwa wakati, au glavu na viatu vya kujikinga.

Wewe uliye msimamizi, jipime leo: ni lini mara ya mwisho mfanyikazi alikuletea habari mbaya kwa hiari yake? Ikiwa hukumbuki, usikimbilie kusema mambo ni shwari. Huenda unafichwa.