Je, misonobari ni miti ya asili ya Imatong?

SWALI: Nimepita Gilo, kwenye milima ya Imatong, nikaona misonobari mingi. Je, ni miti ya asili ya huku kwetu? – Msomaji, Juba

JIBU: Hapana, ndugu yangu, ilipandwa. Barani Afrika msonobari huota wenyewe kaskazini tu, katika nchi kama Moroko, Aljeria na Tunisia. Kusini mwa Sahara hakuna hata aina moja ya asili. Duniani kote ni aina moja tu inayovuka ikweta yenyewe, nayo iko Sumatra, Indonesia. Hii tunayoiona Afrika Mashariki, ile ya Sao Hill kule Tanzania kwa mfano, asili yake hasa ni Meksiko.

Imatong mashamba ya miti yalianzishwa wakati wa Waingereza, miaka ya 1940, kwa ajili ya mbao laini. Mti huo hukua haraka na kunyooka, ndiyo sababu ulipendwa.

Wa asili ni mpodo. Usiuchanganye na msonobari: jani la mpodo ni bapa na hukaa peke yake, na mbegu yake haitoki kwenye koni ngumu. Msonobari wa Meksiko una majani kama sindano ndefu, kwa kawaida matatu matatu, yakining'inia.

Ukihitaji mbao, nunua za shambani. Mpodo hukua polepole mno. Tafadhali tuuache msituni.