Kulitazama Jua na Kuliabudu Jua

Kijana mmoja wa darasa letu hapa Kisii, aliyesilimu karibuni, alituuliza: "Sheikh, babu yangu alikuwa kila asubuhi akilikabili erioba na kuomba heri. Nami hata leo moyo wangu hufunguka nuru inapotokeza juu ya vilima. Je, nimekufuru?"

La, ndugu yetu. Furaha hiyo ni neema. Nabii Ibrahimu naye alilitazama jua, na lilipotua akajitenga na ushirikina wa watu wake. Lililoharimishwa ni kulisujudia; na kwa hadhari hiyo Mtume (S.A.W.) alikataza kusali sunna za hivi hivi linapochomoza, linapokuwa utosini na linapotua.

Basi ada ya babu yako igeuze. Ukisha kusali Alfajiri, kaa papo hapo umtaje Mola wako mpaka jua lipande kadiri ya mkuki, yaani kama robo saa baada ya kuchomoza, kisha usali rakaa mbili. Siku za ukungu, nazo kwetu si chache, tazama saa.

Tena jua hilo litakutumikia. Kila mwaka, 27 au 28 Mei saa 6.18 mchana, na 15 au 16 Julai saa 6.27, huwa juu ya Al-Kaaba hasa. Simika fimbo wima uwanjani: Kibla ni upande ulio kinyume na kivuli, kwetu ni kaskazini, na kuinama kidogo mashariki. Kijana huyo ndiye aliyetusimikia fimbo, nasi tukaona haya, tukageuza mikeka yetu.