Simu Yako na Siri ya Afya Yako

Msomaji, mwaka 2020, wakati wa Corona, dereva wa lori aliyefika Malaba au Busia alidaiwa cheti cha kupimwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaanzisha programu ya simu iliyobeba majibu ya kipimo na kumfuatilia dereva njiani. Ilifaa kuwatafuta waliokaribiana na mgonjwa. Lakini hebu fikiria: majibu ya maabara pamoja na kila mahali mtu aliposimama na kulala. Hata mkewe huenda hayajui yote hayo!

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 huzihesabu habari za afya kuwa nyeti. Na mahali ulipo ni miongoni mwa habari zako binafsi. Programu ikitaka kujua ulipo, una haki ya kuambiwa ni kwa kazi gani, kuona kilichoandikwa, kukataa, na kutaka cha uongo kifutwe. Ukipuuzwa, mlalamikie Kamishna wa Data kwa mdomo au kwa maandishi. Sheria inampa siku 90. Ng'ambo ya mpaka, Uganda nayo ina sheria yake ya 2019.

Na ile programu usiyoitumia tena? Ifute leo.