Somo la Wiki: Usimhukumu Kijana kwa Mtaa Wake
Andiko: Yohana 1:43-49

Filipo alipomletea Nathanaeli habari za Yesu, Nathanaeli alitilia shaka kama Nazareti inaweza kutoa jambo jema. Hakuwa amemwona Yesu bado. Alisikia mji tu, akahukumu.

Tabia hiyo haijaisha. Kando ya jiji la Paris, Ufaransa, kuna mitaa ya magorofa ya bei nafuu inayokaliwa na familia nyingi za wahamiaji. Tarehe 27 Oktoba 2005, kule Clichy-sous-Bois, vijana watatu waliokuwa wametoka kucheza mpira waliwakimbia polisi, wakajificha kwenye kituo cha transfoma za stima. Zyed Benna, miaka 17, na Bouna Traoré, miaka 15, walikufa papo hapo. Wa tatu aliungua vibaya. Ghasia zikaenea karibu wiki tatu. Hawakuwa wameiba kitu. Basi walikimbia nini? Kijana wa mtaa kama huo hushukiwa kwanza, huulizwa baadaye. Mwaka 2014 Ufaransa ilipitisha sheria inayokataza kumbagua mtu kwa sababu ya mahali anapoishi. Ilibidi sheria!

Na sisi je? Vijana wetu wa Mathare na Dandora wanaijua hiyo hali. Mwingine akiomba kazi, anaandika kwamba anakaa kwa shangazi yake, mtaa mzuri.

Hata kanisani iko. Nitakiri: Jumapili moja kijana mwenye rasta aliketi kando yangu, nikahamisha simu mfuko wa ndani. Ibada ilipoisha akaniomba nimwombee. Kesho yake alikuwa na grade test ya welding. Nilimwombea, lakini niliona aibu.

Tujifunze:

1. Nathanaeli alikuwa na dharau, lakini alikubali kwenda kuona. Na wewe nenda.

2. Filipo hakubishana naye. Alimwalika tu. Kijana wa mtaani pia anahitaji mtu wa kumtambulisha: kwa fundi, kwa mwajiri, kwa kwaya.

3. Wewe kijana, usiuonee haya mtaa wako. Yesu hakuficha kwao. Hata msalabani aliandikwa Mnazareti (Yohana 19:19).

Swali la ushirika wa nyumbani: Ni kijana gani unayejua anatoka mtaa gani, lakini hujui jina lake? Wiki hii muulize.